Dawa ya Kichina ya ini: Jiulize haya kabla ya kutuma pesa

Ukiwa Migwani, Mwingi au hata Wote, simu yako ina kila aina ya daktari. Andika tu "dawa ya ini" mtandaoni na utaahidiwa mizizi ya Kichina inayosafisha ini na kumaliza kabisa homa ya ini aina ya B. Unatuma pesa, mzigo unakuja na bodaboda. Lakini je, virusi vinaisha kweli?

Tusianze kwa kudharau. Vidonge vya malaria unavyopewa hospitalini vina artemisinini, iliyotokana na mmea ambao Wachina wameutumia kwa karne nyingi. Mtafiti Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Ila mmea ule haukutoka shambani ukaingia moja kwa moja kwenye pakiti. Kiini chake kilitolewa, kikajaribiwa na kipimo kikajulikana. Unga usio na maelezo unaouzwa mtandaoni haujapitia njia hiyo.

Basi mbona wapo wanaoapa kwamba walipona? Sababu ya kwanza ni kwamba mtu mzima mwenye afya akiambukizwa homa ya ini B, mara zaidi ya tisa kati ya kumi mwili huvifukuza virusi wenyewe katika miezi michache. Akiwa alikunywa mizizi wakati huo, sifa zote zinaenda kwa mizizi. Ya pili, kuna mimea, mfano ule wa Kichina uitwao wuweizi, ambayo imetoa dawa za kushusha vimeng'enya vya ini kwenye vipimo. Karatasi inaonekana nzuri, kumbe virusi bado vimo.

Halafu kuna hatari yenyewe. Mzizi wa he shou wu, unaosifiwa kwa kurudisha weusi wa nywele, umewahi kuumiza ini la watumiaji. Mimea ya jamii ya Aristolochia imeharibu figo na kuleta saratani. Sasa fikiria ini ambalo tayari ni gonjwa likiongezewa mzigo huo.

Kwetu Ukambani jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2004, mahindi yenye ukungu yaliwatia watu sumu ya aflatoksini Kitui, Makueni na maeneo jirani. Wagonjwa walikuwa 317, na 125 wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kuwa walioathirika walikuwa na virusi vya homa ya ini B zaidi ya majirani zao waliokuwa wazima. Virusi hivyo na sumu hiyo vikikutana, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi. Kwa hivyo kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani ni kulinda ini pia.

Na China wenyewe walifanya nini? Mwaka 1992, karibu watoto 10 katika kila 100 wa kati ya mwaka mmoja na minne walikuwa na virusi hivi. Wakaanza kuwachanja watoto wachanga, na kufikia 2006 idadi ilikuwa imeshuka hadi takriban mmoja kati ya 100. Nchi yenye mizizi hiyo yote ilitegemea sindano.

Kenya iliingiza chanjo hii kwa watoto mwaka 2001. Hesabu umri wako: kama ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuipata. Anza na kipimo cha damu. Ukiwa huna virusi, kachanjwe. Kwa mtu mzima kawaida ni sindano tatu ndani ya miezi sita. Ukiwa navyo na daktari akaona unahitaji tiba, ipo tenofovir, kidonge cha kila siku kinachovizuia virusi visizaane ingawa kwa kawaida hakivimalizi. Aina ya C ndiyo inayopona kabisa kwa wengi, kwa vidonge vya takriban wiki 12.

Kama tayari unakunywa mitishamba, iwe ya Kichina au ya nyanya yako, usimfiche daktari. Beba pakiti umwonyeshe. Na muuzaji akikwambia uache vidonge vya hospitali ili dawa yake "ifanye kazi", usimtumie hata shilingi. Ukiacha vidonge hivyo ghafla, virusi vinaweza kurudi kwa kishindo, na ini likishindwa huyo muuzaji hatakuwa hapo kukubeba.