Kabla ya kulipia karavani, bonyeza ukuta kwanza

Kwa familia nyingi za Wakenya zinazoishi Uingereza, likizo ya shule huwa raha kwa watoto na maumivu ya kichwa kwa wazazi. Kule England likizo ya kiangazi huanza mwishoni mwa Julai na huchukua takriban wiki sita. Wakati huo huo bei za hoteli hupanda, na nauli ya watu watano kuja nyumbani Nakuru au Kakamega si mchezo.

Miongoni mwao ni wauguzi waliokwenda huko baada ya Kenya na Uingereza kutia sahihi mkataba wa wahudumu wa afya Julai 2021. Hawa hufanya kazi za zamu, usiku na mchana. Wanapopata siku nne za mapumziko, wanataka kuwatoa watoto nje ya mji bila ya kumaliza mshahara.

Ndipo wengi huanza kuwatazama majirani wao Waingereza ambao kila Ijumaa jioni hufunga karavani nyuma ya gari na kutokomea. Karavani ni trela iliyojengwa kama nyumba ndogo: ina vitanda, meko, sinki na choo.

Waingereza wameizoea mno. Mwaka wa 1885 Dkt William Gordon Stables, Mskoti aliyekuwa daktari wa jeshi la majini, aliundiwa karavani ya matembezi mjini Bristol. Aliiita Wanderer nayo ilikokotwa na farasi. Kufikia 1907 wapenzi wa safari hizo walikuwa wameunda chama chao.

Lakini karavani mpya ya kutosha familia huuzwa kwa zaidi ya pauni 20,000, kwa hivyo wengi hununua iliyotumika. Hapo ndipo mtu anapoweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Je, mnunuzi mwerevu hutazama nini?

Anza na watu wako

Swali la kwanza ni moja tu: nani atalala wapi? Muuzaji atakwambia karavani ni ya watu wanne au sita. Hesabu hiyo mara nyingi hujumlisha makochi ambayo ni lazima yavunjwe kila usiku na kutandikwa upya kuwa vitanda.

Wenye watoto wadogo aghalabu hupendelea ile yenye vitanda vya ghorofa upande wa nyuma, kama vya bweni. Mtoto akilala saa mbili usiku, baba na mama wanaweza kuendelea kunywa chai yao mbele bila ya kumwamsha. Wazee wawili waliostaafu huchagua ya vitanda viwili na bafu kubwa nyuma.

Kitanda cha kudumu, yaani kisichokunjwa, ni starehe kwa aliyetoka zamu ya usiku. Hata hivyo, hula nafasi mchana kutwa, na mvua ya Uingereza ikinyesha siku tatu mfululizo mtaitamani nafasi hiyo.

Basi ingieni ndani nyote, watoto wakiwemo. Lala kitandani na viatu umevua. Simama jikoni ujifanye unapika ugali huku mwingine akipita nyuma yako kwenda chooni. Funga mlango wa choo ukiwa ndani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Na kumbuka kuwa sheria huko hairuhusu watu kukaa ndani ya karavani inapovutwa. Kama mko sita na gari lina mikanda mitano, vitanda sita havitawasaidia.

Gari lako litaiweza?

Kuna wanaopenda karavani kwanza na kulifikiria gari baadaye. Hiyo ni kuvaa shati juu ya koti. Baadhi ya magari madogo, na hata baadhi ya yale ya umeme, hayaruhusiwi kuvuta chochote. Tazama kitabu cha gari kabla ya kutoka nyumbani.

Karavani ina uzito wa aina mbili. Wa kwanza ni jinsi ilivyotoka kiwandani. Wa pili ni uzito wa mwisho unaoruhusiwa ikiwa imepakiwa. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo mizigo yenu.

Kwa mfano, ikiwa wa kwanza ni kilo 1,150 na wa pili ni kilo 1,300, mna kilo 150 pekee. Betri peke yake hufika kilo 20 hivi. Ongeza hema la mlangoni, mitungi ya gesi, sufuria, nguo, baiskeli za watoto na unga wa ugali. Kilo hizo huisha haraka kuliko unavyodhani.

Vyama vya wenye karavani humshauri anayeanza asivute uzito unaozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake likiwa tupu. Gari la kilo 1,500 basi livute karavani ya hadi kilo 1,275, ikiwa na mizigo yake. Huu ni ushauri, si sheria, lakini una sababu. Karavani nzito ikipitwa na lori kubwa huweza kuanza kuyumba kama mkia wa mjusi, na hapo ni mkia unaomwendesha mjusi.

Mizigo mizito nayo iwekwe chini, karibu na ekseli. Sehemu ya mbele inayokalia ndoano ya gari inafaa kulemea kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa karavani, bila ya kupita kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa gari.

Kuhusu leseni, tangu Desemba 16, 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari huko haitaji tena mtihani wa pili ili avute trela ya hadi kilo 3,500. Lakini leseni ya Kenya hutumika kwa miezi 12 tu tangu mtu ahamie. Baada ya hapo ni lazima afanye mtihani wa Uingereza. Mwendo nao usizidi maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu, na 50 kwenye barabara za kawaida zisizotenganishwa katikati.

Adui ni maji

Ukisahau yote mengine, usisahau hili: kinachoua karavani ni unyevu. Kwa miaka mingi karavani zilijengwa kwa fremu za mbao, na ni baada ya 2010 ndipo baadhi ya viwanda vilianza kuziacha. Maji hupenya polepole kwenye viungo vya paa na pembeni mwa madirisha, kisha mbao huoza zikiwa zimefunikwa na ukuta unaong'aa.

Mbaya zaidi, ukarabati wake unaweza kugharimu fedha nyingi kuliko bei uliyoinunulia. Hapo akiba ya miaka mitatu ya zamu za ziada huwa imekwenda na maji kwelikweli.

Kwa hivyo ingia na unuse. Harufu ya chumba kilichofungwa masika yote si ya kupuuzwa, na manukato mengi mno nayo yakutie shaka. Bonyeza ukuta kwa kidole gumba kwenye pembe, chini ya madirisha na ndani ya makabati. Ukuta ukibonyea kama mkate uliolowa, ondoka. Kanyaga sakafu yote, hasa mlangoni na mbele ya sinki. Ikidundadunda, uliza sababu. Tazama pia madoa meusi na karatasi ya ukuta iliyovimba.

Kuna kifaa cha kupimia unyevu. Kikionyesha chini ya asilimia 15, hakuna neno. Kati ya 15 na 20, pafuatiliwe. Zaidi ya 20 panahitaji fundi, na kupita 30 huenda mbao zimekwisha kuoza. Karavani iliyotunzwa hufanyiwa ukaguzi kila mwaka, na vipimo hivyo huandikwa. Omba karatasi hizo. Ukiambiwa zimepotea, bei nayo ipotee kiasi.

Ni vizuri pia kwenda kuitazama siku ya mvua. Jua huficha mengi.

Magurudumu, breki na gesi

Tairi za karavani mara nyingi huzeeka kabla ya kuisha meno, kwa sababu husimama pahali pamoja miezi mingi. Tazama tarakimu nne za mwisho za nambari iliyo ubavuni. Ukikuta 0719, tairi hiyo iliundwa wiki ya 7 ya mwaka wa 2019. Wataalamu hushauri zibadilishwe zikifika miaka mitano, na zisipite saba kamwe.

Jaribu breki ya mkono. Hakikisha kuna waya wa dharura unaoifunga breki iwapo karavani itachomoka garini. Washa taa zote, meko, friji na kipasha joto. Usikubali maneno ya "ilikuwa ikifanya kazi juzi."

Watakaosafiri wakati wa baridi watumie gesi ya propeni. Butani huacha kutoka kwenye mtungi joto linapokaribia sufuri. Na kifaa cha kugundua gesi ya kaboni monoksaidi kiwepo na kilie ukikijaribu. Gesi hiyo haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Ni ya nani hasa?

Karavani huko hazina kitabu cha usajili cha serikali kama gari. Tangu 1992 watengenezaji wakuu wamekuwa wakiziorodhesha katika daftari liitwalo CRiS, na nambari yenye herufi na tarakimu 17 huchorwa kwenye madirisha. Linganisha nambari ya kila dirisha na ile iliyo kwenye fremu. Kisha lipia ripoti ujue kama iliibwa, ilipata ajali au ina deni.

Muuzaji akitaka mkutane kwenye maegesho ya mkahawa badala ya nyumbani kwake, mshukuru na uende zako. Usitume hata senti kwa karavani uliyoiona kwenye picha za intaneti pekee.

Hesabu ya nyumbani

Mwisho, mume na mke waketi chini na karatasi. Karavani italala wapi? Mitaa mingine ina masharti yanayokataza isiegeshwe mbele ya nyumba, hivyo utalipia maegesho mwaka mzima. Kuna bima, ukaguzi, kufuli za magurudumu na ada ya kila usiku kambini.

Jumlisha gharama hizo za mwaka, kisha ugawanye kwa idadi ya usiku mtakaolala humo kwa kweli, si mtakaotamani kulala. Wenye zamu za wikendi wanaweza kukuta ni usiku kumi tu. Kwa watu kama hao, kukodisha ni nafuu. Na hata wanaotaka kununua ni heri wakodishe wiki moja kwanza. Wiki moja ya mvua itawafundisha mpango wa vitanda wanaoutaka kuliko muuzaji yeyote.

Ikiwa baada ya hayo yote hesabu inaingia, na karo na zile za wazazi kijijini hazikuguswa, nunueni bila ya wasiwasi. Watoto hukua haraka, na vitanda vya ghorofa vina umri wake.