KITI SI CHA BUNGE, NI CHA WALIOPIGA KURA

Ndugu wanachama, liko swali ambalo kila mwenye kadi ya chama hana budi kujiuliza. Mjumbe akishachaguliwa, nani bwana wake? Je, ni wajumbe wenzake aliowakuta ndani ya jumba? Ni wakubwa wa Serikali? Au ni wale wananchi waliopanga foleni juani wakampa kura zao?

Watu wengi hujibu upesi: ni wananchi. Lakini jibu la mdomoni ni rahisi. Jibu la kweli huonekana siku mjumbe kijana anaposimama na kusema neno ambalo wakubwa hawataki kulisikia. Siku hiyo ndipo tunapojua kiti ni cha nani. Leo nataka kuwakumbusha habari za kijana mmoja wa damu yetu ng'ambo ya bahari, Bwana Julian Bond wa jimbo la Georgia, katika Marekani.

Bwana Bond alizaliwa mjini Nashville, Tennessee, tarehe 14 Januari 1940. Babu yake alizaliwa mtumwa Kentucky mwaka 1863. Baba yake, Dokta Horace Mann Bond, alisoma mpaka akawa Mweusi wa kwanza kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Lincoln, chuo kile kile walichosoma Dokta Nkrumah wa Ghana na Dokta Azikiwe wa Nigeria. Tazameni basi: kutoka mnyororoni mpaka uongozi wa chuo ni kizazi kimoja tu. Kijana huyu angeweza kutulia na kula matunda ya baba yake. Hakutulia.

Mwaka 1960, akiwa mwanafunzi Atlanta, aliwaongoza wenzake kwenda kuketi katika mkahawa wa ofisi za mji ambamo Mweusi hakuruhusiwa kula. Akakamatwa, akatiwa ndani. Mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha vijana kilichojulikana kwa herufi SNCC, naye akawa msemaji wake na mwenye kuangalia magazeti yake. Vijana hao hawakuwa wageni kwetu. Desemba 1963 Bwana Oginga Odinga wa Kenya alipofika Atlanta, walikwenda hotelini kumwamkia. Walipotoka hapo wakaingia mkahawa wa jirani, wakanyimwa chakula kwa sababu ya rangi yao, na waliokataa kuondoka wakachukuliwa na polisi. Mgeni kutoka Afrika aliweza kupokewa kwa heshima mjini humo, lakini mwenyeji mweusi hakuweza kununua hata kikombe cha kahawa.

Mwaka 1965 Bwana Bond aligombea kiti katika Baraza la Wawakilishi la Georgia. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu wanataka nini. Hakwenda kuwaambia, alikwenda kuwauliza. Wakampa kura 2,320, na mpinzani wake akapata 487. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 25. Kwa karibu miaka 60 hakuna Mweusi aliyekuwa ameketi katika Baraza lile, na sasa yeye na wenzake wachache walikuwa wanabisha hodi.

Sasa sikilizeni yaliyompata. Tarehe 3 Januari 1966, katika mji wa Tuskegee, Alabama, kijana Mweusi aitwaye Sammy Younge, aliyewahi kuwa baharia katika jeshi la Marekani, alipigwa risasi akafa. Kosa lake ni kutaka kutumia choo cha Wazungu katika kituo cha petroli. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Walisema wazi kwamba Serikali isiyoweza kumlinda Mweusi nyumbani kwake haina haki ya kumtuma akapiganie uhuru wa watu wengine mbali. Bwana Bond alipoulizwa na watu wa habari, alijibu kwamba analiunga mkono tamko hilo.

Basi moto ukawaka! Tarehe 10 Januari 1966 wajumbe wapya walipoitwa kula kiapo, Bwana Bond aliambiwa akae kando. Ati mtu asemaye maneno kama yale hawezi kuapa kwa moyo safi kuilinda Katiba. Yeye alikuwa tayari kuapa. Wao ndio waliokataa kumwapisha. Kura zikapigwa: 184 za kumkataa, 12 za kumtaka. Kura 184 za watu waliomo ndani ya jumba zilifuta kura 2,320 za watu walioko nje.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Septemba 1868, mara tu baada ya utumwa kukomeshwa, Baraza hilo hilo la Georgia liliwafukuza wajumbe Weusi kwa rangi yao tu. Mwaka 1966 hawakuthubutu tena kutaja rangi. Wakatafuta neno jingine, wakalipata: uaminifu. Siku zote ndivyo wanavyofanya wenye kuogopa sauti ya mnyonge. Sababu hubadilika jina, lakini mlango unaofungwa ni ule ule.

Hapa ndipo penye funzo letu la kwanza. Wako waliomshauri Bwana Bond atafute maneno ya kuwatuliza wakubwa, apate kiti chake kwanza, mengine yafuate. Ni shauri ambalo wengi wetu tungelikubali. Nani hapendi kiti? Lakini kijana alijua kwamba akikinunua kiti kwa ulimi wake, hatakuwa nao tena ulimi wa kuwasemea waliomtuma. Alikataa kuyala maneno yake.

Funzo la pili linawahusu wananchi wenyewe. Hawakurudi nyumbani kulia. Siku chache baadaye Dokta Martin Luther King aliongoza maandamano mpaka kwenye jumba la Baraza. Kesi ikapelekwa mahakamani. Kiti kilipotangazwa kuwa wazi, uchaguzi ukafanywa Februari 1966, nao wakamchagua yule yule. Baraza likamkatalia tena. Novemba wakamchagua tena. Mara tatu watu wa eneo lile walilijibu Baraza kwa jina moja tu: Bond.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu, na majaji wote walikuwa kauli moja. Walisema mjumbe ana haki ya kusema kama raia mwingine yeyote, tena kazi yake yenyewe yamtaka aseme, ili waliomchagua wajue msimamo wake. Januari 1967 Bwana Bond akala kiapo na kuketi.

Wahenga walisema, usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Wale 184 walitaka kumzima kijana mmoja wa eneo dogo la Atlanta, wakamfanya ajulikane dunia nzima. Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, jina lake lilitajwa kugombea Umakamu wa Rais. Aliliondoa mwenyewe, kwa kuwa Katiba yataka miaka 35 naye alikuwa na 28. Alikaa katika Baraza lile na baadaye Seneti ya Georgia jumla ya miaka 20, mpaka 1987. Mwaka 1986 alishindwa na rafiki yake wa zamani John Lewis katika kugombea kiti cha Kongresi, na kushindwa huko hakukumtoa katika kazi ya watu. Kuanzia 1998 mpaka 2010 aliongoza halmashauri ya chama cha NAACP. Alifariki Agosti 2015 akiwa na miaka 75.

Atakayesema kwamba hayo ni ya kale, na atazame Nashville, mji ule ule aliozaliwa Bwana Bond. Aprili 2023 Baraza la Tennessee liliwafukuza vijana wawili Weusi, Justin Jones na Justin Pearson, kwa kupaza sauti barazani juu ya silaha baada ya watoto kuuawa shuleni. Mabaraza ya kwao yaliwarudisha kabla ya wiki kwisha, na Agosti wananchi wakawathibitisha kwa kura.

Wala tusiwacheke Wamarekani huku tukijifunika wenyewe blanketi. Mwaka 1968 chama cha TANU kiliwafukuza Wabunge kadhaa uanachama, na kwa sheria ya siku zile aliyepoteza kadi alipoteza na kiti. Chama lazima kiwe na nidhamu. Bila nidhamu hakuna chama. Lakini sisi wenye chama tuulizane bila kuogopana: wananchi waliowachagua waliulizwa? Mwizi wa fedha za umma na afukuzwe hata leo. Msaliti aliyethibitika na ashitakiwe. Lakini anayesema neno chungu kwa niaba ya waliomtuma si mwizi wala si msaliti. Huyo anafanya kazi tuliyompa.

Basi, ndugu, tunapokaa katika matawi yetu kuchagua wagombea, tusiulize tu nani hatatuletea matata. Asiyewahi kumwudhi mkubwa yeyote, huenda hajawahi kumtetea mdogo yeyote. Tuwatafute vijana wanaopita nyumba kwa nyumba na kuuliza kabla ya kusema. Na siku watakapoambiwa wakae kando, tusimame nao kama walivyosimama watu wa Atlanta, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.