Kabla ya Mathari Kuna Zahanati

Ndugu zangu wa Kitui na Makueni, ugonjwa wa akili ukitajwa kwetu, wengi hufikiria mahali pamoja tu: Mathari, Nairobi. Hospitali hiyo ilianza mwaka wa 1910, na jina lake limegeuzwa tusi hata midomoni mwa watoto. Ndiyo maana mama ambaye hajapata usingizi kwa wiki tatu, au baba aliyeacha shamba lake liote magugu huku akishinda kitandani, hajioni kuwa mtu wa Mathari. Sisi nasi tunamwambia ajikaze. Nawasihi tuliache neno hilo la “jikaze”. Tumpeleke mtu wetu panapofikika, na tuanzie kwenye zahanati.

Makueni inalijua jambo hili kuliko kaunti nyingi. Profesa David Ndetei na wenzake wa Africa Mental Health Research and Training Foundation walienda huko wakawafunza wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya wa vijijini kutambua maradhi ya akili ya kawaida na kuanza kuyatibu, kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotungwa kwa ajili ya mahali pasipo na daktari bingwa. Waliwafunza pia waganga wa kienyeji na wahubiri wanaoombea wagonjwa, kwa sababu ndio wanaoendewa kwanza. Naona huo ulikuwa uamuzi wa busara sana. Maombi yana nafasi yake, na mchungaji anayesema “tuombe, kisha kesho twende hospitali” ameokoa mtu.

Ukifika kwenye zahanati, utaulizwa nini? Mara nyingi ni maswali tisa mafupi kuhusu wiki mbili zilizopita. Umekosa hamu ya mambo uliyozoea kuyafurahia? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Usingizi je, na chakula? Kila swali unalijibu kwa kusema kama hali hiyo haikukupata kabisa, ilikupata siku chache, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Swali la mwisho ni kama umekuwa ukiwaza kwamba afadhali ufe. Lijibu kwa ukweli. Majibu hayo ndiyo yanayomwonyesha mhudumu kama utahitaji mazungumzo, dawa, au barua ya kukupeleka hospitali ya rufaa ya kaunti, Wote au mjini Kitui. Ukiandikiwa dawa, usiziache kwa kuwa umepata nafuu. Rudi kwanza kwa aliyekuandikia.

Na hofu ya polisi isimfunge mtu mdomo. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Anayeshindwa kuendelea na maisha ni mgonjwa wa kusaidiwa.

Najua umbali wa Kitui. Kuna vijiji ambako nauli ya bodaboda hadi kituo cha afya ni bei ya unga wa siku kadhaa. Hapo simu inasaidia. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya haitozwi hata senti, na unaweza kuzungumza na mshauri. Befrienders Kenya, wanaowasikiliza waliofikiria kujiua, wako kwenye 0722 178 177. Kama tatizo ni pombe au dawa za kulevya, piga 1192 ya NACADA, nayo pia ni ya bure. Lakini anayejitangaza mtandaoni kuwa mshauri, muulize amesajiliwa na bodi gani kabla hujamtumia pesa wala siri zako. Akikwepa swali hilo, au akikuambia uache dawa za hospitali, achana naye. Na kama mtu yuko hatarini sasa hivi, usimwache peke yake. Ondoa dawa za shambani na kamba karibu naye, kisha mfuatane hospitalini.

Wafiwa nao tusiwasahau. Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya lilizama katika Mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Tulichanga, tulipika, tulizika. Hayo tunayaweza, kwa kuwa tumelelewa katika mwethya, desturi yetu ya kusaidiana. Lakini matanga yakiisha watu hutawanyika, na hapo ndipo aliyefiwa huanza kuzama. Vikundi vyetu vya mwethya na vyama vya akina mama viweke zamu ya kumtembelea mwezi wa tatu, na wa sita, baada ya mazishi.

Jambo la mwisho ni pesa za umma. Makueni imesifika kwa wananchi wake kukaa kuanzia ngazi ya kijiji na kuamua bajeti iende wapi. Katika vikao hivyo tunaomba barabara na mabwawa, na ni haki yetu. Mkutano ujao, iwe Makueni au Kitui, simama uulize: zahanati yetu ina dawa za magonjwa ya akili mwaka mzima? Nani hapa amefunzwa kuwahudumia wagonjwa hawa, na anapatikana siku gani? Omba jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, kisha mwakilishi wa wadi yenu aulizwe tena mwaka ukiisha.

Leo, kabla hujalala, iweke 1199 kwenye simu yako, na umpe mtu mmoja unayehofia hali yake.