Uncle Ruckus Tunaye Kivinje

Mabwenini The Boondocks inazunguka kwenye flashi kama notisi za mtihani. Watu wanamcheka Uncle Ruckus mpaka machozi: mzee mweusi tii anayewachukia weusi wenzake, anayedai yeye ni mzungu aliyepatwa na maradhi ya ngozi yakamgeuza rangi. Nacheka pia. Ila mimi mtoto wa Kilwa, na huyu mzee simwoni kuwa kituko cha Marekani tu.

Kwetu simulizi inasema Ali bin Hassan alitoka Shiraz akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo. Sina ugomvi nayo. Hata vipimo vya vinasaba vya mifupa ya makaburi ya pwani, vilivyochapishwa 2023, vilikuta asili ya Uajemi zaidi upande wa baba, na ya Kiafrika zaidi upande wa mama. Ugomvi wangu ni pale Shiraz inapotajwa siku ya posa, ili kijana mwenye nasaba ya watumwa walioletwa Kivinje na misafara ya bara aambiwe hafai. Mababa wanahesabiwa, mama wanarukwa. Huyo si Ruckus aliyevaa kanzu?

Aaron McGruder aliichora The Boondocks 1996 kwenye gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maryland (wanafunzi kama sisi, jamani), runinga ikafuata 2005. Alianza na watu wake mwenyewe. Kipindi kimoja, kilichomfufua Martin Luther King akawatukana weusi wenzake, kilimfanya Al Sharpton adai kuombwa radhi. Kikapata tuzo ya Peabody.

Vichekesho vyetu vingi nilivyoviona vinapiga chini. Lafudhi ya kusini inawekwa mdomoni mwa mlinzi, au mshamba aliyepotea Kariakoo, basi, tucheke. Neno machinga lenyewe, ambalo wengi hulirudisha kwa Wamachinga wa huku Lindi, leo ni jina la yeyote anayefukuzwa barabarani na meza yake. Jina la kabila limekuwa jina la umaskini, na hakuna anayeshtuka.

Wachoraji wapo hapa chuoni, laptopu zipo. Mlinzi mwacheni apumzike kidogo. Nichoreeni mzee wa barazani Kivinje, kikombe cha kahawa mkononi, anawataja mababu saba mpaka Shiraz bila kukosea. Halafu mjukuu anamuuliza bibi yao alitoka wapi.