Nguo Iliyoruka na Haki ya Mnunuzi

 

Wiki hii tunalijibu swali lililotufikia kutoka Ikutha, kusini mwa Kitui, ng'ambo ya Mto Athi kwa mwenye kutokea Kibwezi. Waislamu wa huko ni wachache, na mavazi ya stara aghalabu huyaagiza Pwani. Mama mmoja alidunduiza fedha za kuuza ndengu, akaagiza Mombasa kwa simu magauni mawili marefu ya binti zake kwa ajili ya Idd, kila moja kwa shilingi 1,800. Yakaletwa kwa basi, yakavaliwa Idd, watoto wakapendeza. Yalipofuliwa mara ya kwanza, yaliruka. Lililokuwa likifunika nyayo za binti mkubwa likaishia kwenye muundi, na mikono ikapanda juu ya vifundo. Mama akampigia muuzaji simu. Akajibiwa kwamba hajui kufua, kisha akachekwa kwa kuwa huko bara hufua kwa maji ya chumvi, na mwisho akaandikiwa kwamba mali ikiuzwa hairudi. Tangu hapo simu yake haipokelewi. Anauliza: je, nina haki yoyote, au nisubiri tu?

Tumemsikia mmoja katika wawili, na si adabu ya kisheria kumhukumu asiyekuwapo. Kwa hiyo tutaeleza kanuni, na kila mmoja ajipime nayo.

Kwanza tujue kwa nini nguo huruka. Uzi wa pamba huvutwa na kukazwa kiwandani wakati wa kufuma na kunyoosha kitambaa. Ukiingia majini, hasa maji ya moto, uzi hulegea na kurudi katika hali yake, na nguo ikafupika. Reyoni, kile kitambaa laini chenye kuanguka vizuri mwilini, hufura sana ikinywa maji, na ikikauka hujikunja kupita pamba. Polyesta hairuki kwa kufuliwa kwa kawaida. Ndiyo maana mabuibui mengi ya polyesta hudumu na urefu wake. Sufi nayo hushikana na kuwa nzito ikisuguliwa katika maji ya moto. Jambo hili halikosi dawa: tangu mwaka 1930 Mmarekani Sanford Cluett alibuni njia ya kukipunguza kitambaa kiwandani kabla hakijashonwa, ili kisiruke tena nyumbani kwa mnunuzi. Na fundi asiye na mtambo huo aweza kukiloweka kitambaa na kukikausha kabla ya kukikata.

Kwa hiyo anayeuza nguo hana udhuru wa kusema kwamba kuruka ni kudura tupu. Mnunuzi anaiona nguo kwa macho tu. Muuzaji ndiye ajuaye kitambaa ni cha namna gani, kimetoka wapi, na wateja waliotangulia wamelalamika nini. Ujuzi huo ni amana.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono wake katika lundo la nafaka, vidole vikagusa unyevu ndani yake. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Tuzingatie: yule bwana hakusema uongo, wala si yeye aliyeiloweza nafaka. Kosa lake ni kunyamaza na kuacha kilicho kizuri kifunike kilicho na ila. Na nguo yenye kuruka ni mfano wa lundo lile. Juu ni kavu na yapendeza. Ila yake imo ndani, nayo haionekani mpaka iguswe na maji.

Imam Abu Hanifa (Mungu amrehemu) alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa. Imesimuliwa kwamba alimpelekea mshirika wake bidhaa, akamweleza kuwa katika nguo zile imo moja yenye ila, aibainishe kwa mnunuzi. Mshirika akauza akasahau kueleza, wala hakumjua tena aliyenunua. Imam alipopata habari, akaitoa sadaka thamani ya bidhaa zote, si ya nguo ile moja pekee. Aliogopa kuichanganya riziki yake na fedha ya mtu aliyenunua bila kujua.

Sasa tuje kwenye haki ya mnunuzi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kununua kitu akakikuta na ila iliyokuwamo tangu kwa muuzaji ana khiyari: kukirudisha na kuchukua fedha yake, au kukubali kubaki nacho. Ila yenyewe ina mpaka wake. Ni upungufu unaoshusha thamani au kuharibu lengo la kununua, na ambao kwa desturi haupatikani katika vitu vya aina ile. Leso ya pamba ikifuliwa ikapungua kidogo, hiyo si ila; kila mama wa Pwani alijua hivyo kabla hajailipia. Lakini gauni la stara lililopanda kutoka nyayoni mpaka muundini limepoteza lengo lake lote. Binti hawezi kuliendea madrasa wala kuliswalia bila ya kulikamilishia stara kwa nguo nyingine.

Huenda muuzaji akasema: nguo umekwisha kuifua, imebadilika mkononi mwako, utairudisha vipi? Swali hili wanazuoni walilishughulikia zamani. Katika Minhaj, Imam Nawawi anataja mnunuzi aliyevunja yai au nazi akaikuta imeharibika, au akalitoboa tikiti akakuta mabuu. Kuvunja ni badiliko lililotokea kwake, lakini ila haikuweza kujulikana bila ya kuvunja. Kauli yenye nguvu ni kwamba anarudisha, wala halipi kitu kwa kule kuvunja. Sisi twaona kuifua nguo mara moja, kwa kadiri ya kawaida, kunafanana na kuivunja nazi. Hakuna njia nyingine ya kujua. Ama aliyeichemsha nguo ya sufi, au aliyeambiwa aifue kwa maji baridi akapuuza, huyo ameharibu mwenyewe, na asimbebeshe muuzaji mzigo wake.

Tulimuuliza mama yetu alivyofua, naye akaeleza bila kuficha. Maji ya kisima chao yana chumvi, sabuni haitoki povu, hivyo akayatia moto kidogo. Kisha akaanika juani. Nguo hazikuwa na kibandiko cha maelezo, wala hakupewa neno lolote wakati wa kununua. Maji ya chumvi huikatalia sabuni povu, lakini si chumvi inayofupisha uzi. Ule uvuguvugu waweza kuwa umezidisha kidogo, na haki ni kulizingatia hilo. Lakini ufuaji wa namna hii ni wa kawaida kwa asiyeonywa.

Mahali ambapo kurudisha kumeshindikana, ipo arshi, yaani fidia ya upungufu. Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa gauni zima lina thamani ya shilingi 1,800, na lenye kuruka vile lingeuzwa kwa 1,200, basi thamani imepungua theluthi moja. Mnunuzi hurudishiwa theluthi ya bei aliyolipa, ambayo hapa ni shilingi 600, naye akabaki na nguo. Na wakisuluhishana kwa kubadilishiwa nguo nyingine, sulhu ni heri.

Na lile tangazo la kwamba mali ikiuzwa hairudi? Ni kweli kwamba mnunuzi aliyebadili nia, nguo ikiwa salama, hawezi kumlazimisha muuzaji. Akikubaliwa ni ihsani, na imepokewa ahadi ya Mwenyezi Mungu kuyasamehe makosa ya mwenye kumkubalia ndugu yake kuvunja biashara aliyoijutia. Lakini kwenye ila ya siri, tangazo haliondoi dhamana. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba sharti la kujivua na ila halimfai muuzaji isipokuwa katika mnyama, kwa ila ya ndani asiyoijua. Nguo si mnyama. Sheria ya nchi nayo yaelekea huko huko: Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa maelezo, na haki ya kufidiwa kwa hasara itokanayo na kasoro.

Ndugu wenye maduka, lililomuumiza zaidi mama huyu si shilingi 3,600. Ni kule kuchekwa. Mtume (S.A.W.) alidaiwa ngamia na mtu aliyemsemea kwa ukali, mpaka maswahaba wakataka kumchukulia hatua. Akawazuia, akawafahamisha kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Ikiwa mbora wa viumbe alimvumilia mdai mkali, vipi sisi tushindwe kumvumilia mama aliyepiga simu kwa adabu? Wazee walisema biashara haigombi. Kumfungia mteja simu ili deni lipotee ni kulihamisha tu deni hilo, kutoka duniani ambako hulipwa kwa shilingi, kwenda kwenye siku ambayo hulipwa kwa mema.

Twamnasihi mama yetu, na kila mwenye tatizo kama lake, mambo haya. Kwanza, khiyari ya ila haicheleweshwi. Siku ile ile ukiijua ila, mpe muuzaji habari, na acha kuitumia nguo, kwani kuendelea kuivaa ni dalili ya kuridhika. Pili, kwa aliye mbali, aweke ushahidi: picha ya nguo, ujumbe wa maandishi, na risiti ya malipo. Tatu, aseme kweli yote, hata ile inayompunguzia haki. Nne, asimtangaze muuzaji kwa jina mitandaoni kwa lengo la kumfedhehesha. Amtume kwanza mtu mzima anayeheshimika, au imamu wa msikiti wa karibu na duka. Akikataa kabisa, kupeleka shauri kwenye Mahakama ya Madai Madogo si ukorofi. Na akiamua kusamehe, asamehe kwa hiari, akijua kwamba haki alikuwa nayo.

Siku zijazo, kabla ya kulipa, tuulize: kitambaa ni cha nini, na je, kinaruka? Tusome kibandiko: beseni lenye namba 30 maana yake maji yasizidi nyuzi 30 za joto; beseni lenye mkono, ifuliwe kwa mkono; alama iliyopigwa mkato ni katazo. Nguo ya reyoni au pamba tuinunue ikiwa na urefu wa ziada, tuache upindo mpana, tuifue kwa maji baridi, tusiisokote, na tuianike kivulini ikiwa imenyooshwa. Anayeshonesha na akiloweke kitambaa kwanza.

Na wewe muuzaji, neno moja tu lingetosha: "Mama, hii huruka, chukua ya saizi kubwa zaidi." Huenda angenunua, huenda angeacha. Lakini binti yule angekuwa na nguo ya madrasa hii leo, na faida yako ingekuwa halali isiyo na shaka.

Mwenyezi Mungu amrehemu mwenye wepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Atujaalie riziki za halali, azisitiri familia zetu, na azipe soko zetu ukweli. Amin.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.