Mashine peke yake haiokoi mutu

Wandugu wachimbaji, na nyinyi mama na watoto wa kampi,

Mwaka jana tulipeleka mwenzetu ku lopitali. Umeme ulimupiga ku atelye, moyo ukasimama. Mule ndani kulikuwa watu saba, mashine mupya na dawa. Lakini wote walisema mara moja. Munganga alipaza sauti: "Mumupe sindano!" Anfirmie wawili, kila mumoja alizani mwenzake ametoa. Hakuna aliyetoa. Mumoja wao aliniambia nyuma, macozi ikimutoka. Mwenzetu alikufa. Sisemi kama ile sindano ingemuponesha; hakuna anayeweza kuapa. Nasema ilikosa kutolewa, na hakuna aliyejua.

Sisi wa mine tunajua hii mambo. Shofere wa gri anafuata mukono wa mutu mumoja tu. Lakini kusema "Simama!", hata aliyeanza kazi jana anaweza, na gri inasimama. Ku radio, anayepokea amri anairudilia mbele ya kuifanya. Hatukuzaliwa na ile akili. Tulifundishwa, kisha damu ya wenzetu kumwangika.

Lopitali nayo iko na sheria za namna ile. Mukubwa wa ekipe anasimama ku miguu ya kitanda, anaangalia wote, hafanyi kazi ya mikono. Anaita mutu kwa jina: "Weye, toa adrenalini miligramu 1." Yule anajibu: "Adrenalini miligramu 1, natoa." Akimaliza anasema: "Imetoka." Mwingine anaandika saa. Anayefinya kifua, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, anapokelewa kila dakika 2, juu nguvu inapunguka na yeye mwenyewe hasikii. Na anfirmie mudogo akiona kosa, ana ruhusa ya kusema: "Dokta, ngoja."

Watatuambia: waganga wamesoma miaka mingi. Ni kweli. Lakini kila mumoja alisoma yake. Kufanya kazi pamoja ni somo lingine, na halifundishwi ku karatasi. Ekipe nzima inajizoeza na sanamu ya mutu, wale wale wanaokuwa pamoja ku zamu, hata usiku. Kisha wanakaa, wanasema nini imeenda mubaya, bila kumutukana mutu.

Patron anapenda kutuonyesha mashine, juu mashine inaonekana mu foto. Mazoezi haionekani. Na Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamupa patron muzigo wa kutunza afya ya mutumishi na jamaa yake.

Basi delege wote, tukienda kuzungumuza konvansyo, tuweke hii neno pamoja na mushahara: ekipe ya irjansi ya lopitali yetu ijizoeze pamoja, saa za kazi, na patron alipe. Na nyinyi mama, mukutane na delege wenu, muulize: "Mulisema?"

Bongo ikikosa hewa, inaanza kufa kwa dakika chache. Ile dakika si ya kutafuta nani mukubwa.