MAFUTA YA GARI LA POLISI SI MZIGO WA ALIYEIBIWA

Ndugu Wanakijiji,

Iko tabia tumeizoea huku milimani. Mtu kaibiwa ng'ombe au magunia yake ya viazi, anateremka kituoni kutoa taarifa, anajibiwa: "Gari lipo, mafuta hakuna." Basi anajipapasa mfukoni, au anakodi bodaboda ya kumleta askari. Na sisi tukisikia tunasema, ah, ndivyo ilivyo. Hapana! Sivyo inavyotakiwa.

Wako wanaosema askari ni wavivu tu. Hao tuwaulize: kutoka Lushoto mjini mpaka Mtae, wakati wa masika, kona na utelezi, askari ataruka kama kunguru? Askari naye ni mtoto wa mkulima. Anahitaji mshahara wa kutosha, gari zima na nyumba ya serikali. Akipanga chumba kwa mtu mwenye kesi, atamkamataje mwenye nyumba wake?

Jambo hili si geni. Tume ya Ndugu Warioba mwaka 1996 ilieleza kwamba wako wanaopokea rushwa kwa sababu ya kipato kidogo, na wako wanaopokea kwa tamaa. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ilitaka marekebisho makubwa katika Jeshi la Polisi.

Lakini wako wenzetu wanaosema: "Tumpe tu askari mafuta, kazi iende." Hao ndio nabishana nao leo. Wewe leo unatoa elfu kumi gari lije. Kesho mwizi wako anatoa elfu hamsini gari lisije. Utamlaumu nani, na biashara umeifungua wewe? Na mjane asiye na senti, yeye aibiwe tu? Anayenunua mafuta ndiye anayeshika usukani. Shida ya askari ni ya kweli, lakini haiwezi kugeuzwa bei ya haki. Tena Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inambana anayetoa na anayepokea, wote wawili.

Fedha za Polisi hazitoki mfukoni mwa mlalamikaji, wala hazitoki Halmashauri. Zinapitishwa na Bunge huko Dodoma, kati ya Aprili na Juni, kwenye bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Huko ndiko kwa kupigia kelele.

Kwa hiyo ndugu:

1. Mkutano Mkuu wa Kijiji upitishe azimio, Mbunge alipeleke: mafuta, nyumba, usafiri wa askari.

2. Tukijenga kituo kwa nguvu zetu, mchango uwe wa wazi, wenye stakabadhi, usomwe mkutanoni.

3. Hela ya mkono kwa mkono, hapana. Anayeombwa aje aseme, tutakwenda naye.

Kulalamika vilabuni hakuleti gari. Njooni mkutanoni!

Kidumu Chama Cha Mapinduzi!

Katibu wa Tawi